Kamati ya Matamshi na Saa Yangu ya Kunyonyesha

Nimestaafu. Msicheke. Najua mtu anayestaafu huwa na mvi, anakatiwa keki, anapewa saa ya ukutani na watu wanapiga makofi. Mie mwanangu hajaota jino la pili, na keki sikuiona. Lakini kwenye chumba kile cha simu niliingia mwaka niliomaliza skuli, nimetoka juzi, na sirudi. Hiyo iiteni mnavyopenda. Nawaandikia nyie mnaokalia viti vile sasa, Neema na nyie wasichana wapya wawili ambao bado mnaishika redio kama mmeshika kaa la moto. Mshahara sitausema, na cheo sikupata cha kusema. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, halafu nitaeleza kilichonitoa. Jina la kampuni nalimeza, maana sitaki wakili mlangoni.

Mahali mnapajua: Rusayl, nje kidogo ya Maskati, katikati ya viwanda, uwanja umejaa magari meupe ya mafundi, ofisi imebanwa pembeni. Tunatengeneza eesii, viyoyozi vya majumbani. Mteja anapiga simu kwamba nyumba yake imekuwa tanuri, sisi tunamuuliza anakaa wapi, tunamwita fundi kwa redio koli, fundi anakwenda. Basi. Kazi yote nimeimaliza kuieleza. Kumbukeni ilivyo nyepesi, maana mbele huko mtaona ilivyofanywa nzito.

Siku ya kwanza alinipokea Bi Rayya. Nyie wapya hamkumkuta. Alikuwa mkuu wa chumba, mzaliwa wa Unguja, mama mnene mwenye sauti ndogo, na alikuwa na chupa yake ya kahawa ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Alinipa redio akasema, "Mwanangu, hii si simu. Ukibonyeza hapa husikii kitu. Kwa hiyo sema maneno matatu, achia kidole. Humu nna watu wana vidole vizito, wanabonyeza mpaka fundi keshatoka mjini, keshafika Sohar." Mpaka leo sijapata somo la kazi lililonifaa kuliko hilo, na sio kwenye redio peke yake.

Somo la pili: usimuulize mteja anwani. Atakwambia yuko kando ya msikiti mweupe. Wewe nitajie msikiti wa Maskati usiokuwa mweupe. Muulize tangi la maji juu ya dari lina rangi gani. Muulize dobi aliye karibu anaitwaje. Muulize baada ya duwara, ule mzunguko wa magari, anapita kushoto au kulia, halafu muulize tena, maana mara ya kwanza anakujibu kwa mkono na wewe mkono huuoni. Kwa Amerat, zidisheni maswali. Nyumba za kule mpya zote zina rangi ya maziwa ya unga. Nakaa huko, na wiki ya kwanza mume wangu mwenyewe aliingia ukumbi wa jirani na mkate mkononi, akawasalimia wote, akakaa.

Kesi ngumu nilizipata nyingi. Kulikuwa na bwana mmoja wa Mawaleh ambaye eesii yake ililia. Si kelele, alisema, kulia, kama mtu aliyefiwa. Nilimpelekea fundi mara kadhaa, kila fundi akifika kilio kinanyamaza, akiondoka kinaanza. Wa mwisho akafungua ile mashine ya nje akamkuta paka na watoto wake. Bwana yule akapiga simu kulalamika kwamba tumemletea paka.

Ugomvi wa matamshi tulikuwa nao kabla ya mzungu yeyote, ila ulikuwa ugomvi wa kuchekesha. Neema, ulipokuja kutoka Mbeya mtaa ule ulikuwa unauita Hudhi, nasi tunasema Al Khoudh.

"Toa kooni, mwanangu," Bi Rayya anakwambia. "Kama unataka kutema mate halafu unaona haya."

"Bi Rayya, sisi kwetu koo ni la kumezea."

"Basi meza, lakini fundi asiende kwa mtu anayeitwa Hudhaifa."

Na fundi alikuwa anafika hivyo hivyo. Hakuna fundi aliyepotea kwa sababu ya koo la Neema. Hili nalo likumbukeni.

Halafu akaja Mista Dugald, meneja wetu mpya. Ni Mskoti, mrefu, masikio mekundu toka asubuhi, mtu mwema, anawasalimia wafagiaji kwa majina. Shida yake ni moja, anapenda kwao. Siku zile magari yalikuwa na namba, moja mpaka kumi na kitu. Mista Dugald akasema namba hazina roho. Akayapa magari majina ya miji, vijiji na makasri ya Uskoti, yakaandikwa milangoni kwa rangi ya buluu, herufi kubwa. Tulitoka uwanjani kuangalia. Bi Rayya akavaa miwani, akasimama mbele ya gari moja lililoandikwa Milngavie.

"Hili linasomwaje?"

"Malgai," akasema Mista Dugald, kifua mbele.

"Na hizi herufi nyingine?"

"Hizo zipo tu."

Bi Rayya akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Zipo tu. Na zinalipwa?"

Kirkcudbright ikawa Kakubri. Culzean ikawa Kaleni. Kila jina tulilolisoma kama lilivyoandikwa tulikosea, na tulilolisoma ovyo tukapata nusu. Ikaja amri: fundi hatii gari moto mpaka sisi tumeita jina sawasawa na yeye amelirudia sawasawa. Na kila gari na mtaa wake, haliingii mtaa wa gari jingine. Hebu fikirini. Mwezi wa sita, ndipo Maskati inapochemka, mtoto wa mtu analia kwa joto Ghubra, na fundi kutoka Chittagong amekaa uwanjani anafundishwa kusema Kakubri.

Jina moja nililipata bila jasho, Auchtermuchty, maana lina kh mbili za kweli na kh tumezaliwa nazo. Siku niliyolisema kwenye redio Mista Dugald alitoka ofisini kwake mbio. "Mmesikia? Mmesikia?" Akaita watu. "Zuweina ana koo!" Kuanzia hapo kila mgeni akija naitwa nisemeshwe, kama kasuku. Nilikuwa mdogo, nikaona fahari. Ningelijua.

Bi Rayya akastaafu kistaarabu, na keki yake. Mie nikaolewa, nikazaa, nikamaliza likizo ya uzazi, nikarudi na saa yangu moja ya kunyonyesha. Saa hii nyie wasichana ifahamuni: si hisani ya bosi, ni haki, iko kwenye sheria ya kazi. Yangu niliiweka mwisho wa siku. Wengine wanatoka saa kumi, mie natoka saa tisa. Asubuhi nateremka mlima wa Amerat na mwanangu Azzan nyuma ya gari, namuacha kwa mama yangu Al Hail, nakwenda Rusayl. Saa tisa narudi Hail mbio, kwa sababu Azzan chupa hataki. Tumemjaribu na chupa za kila namna. Anaiangalia, anakuangalia wewe, anapiga ukelele kama umemtusi ukoo mzima.

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka kampuni ilipomleta Mista Innes kuwa meneja wa magari. Mskoti wa pili. Siku yake ya pili kazini alisimama nyuma ya kiti changu nikiita gari la Hail, lililoandikwa Kilconquhar. Fundi wake ni Shafi.

"Kinyukha, Kinyukha," nikaita, kama nilivyofundishwa.

Mista Innes akanigusa bega. "Umeita nini?"

"Kinyukha."

"Hakuna kitu kama hicho. Hapo ni Kilkonka."

Mista Dugald akatoka ofisini kwake na kikombe. Nyanya yake, akasema, aliolewa pale, na maisha yake yote aliita Kinyukha. Mista Innes akasema yeye amekaa pale likizo nyingi za utoto wake, na hakuna anayesema hivyo ila wazee na watu wa kujidai. Mista Dugald akaweka kikombe chini.

Nikawasubiri wamalize. Hawakumaliza. Nikiita Kinyukha, Mista Innes anamwambia Shafi zima gari. Nikiita Kilkonka, Mista Dugald anatoa kichwa dirishani, "Zima!" Shafi anawasha, anazima, anawasha. Nikasema kwenye redio, "Namba sita, nenda Hail." Wakanipigia kelele wote wawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyowaona wamekubaliana.

Gari likaegeshwa. Ikaundwa kamati.

Sitanii. Kamati ya matamshi. Wajumbe wake Mista Dugald, Mista Innes, Bwana Hamed wa utumishi, kwa ajili ya utaratibu, na mie, kwa sababu ya koo. Wakatafuta saa ambayo kila mtu ana nafasi. Wakaikuta saa tisa.

Nilikwenda kwa Bwana Hamed, Mswahili mwenzetu, watu wake na watu wa mama yangu wanajuana toka Unguja.

"Bwana Hamed, saa tisa ni saa yangu ya kunyonyesha."

"Dada yangu, sheria iko wazi. Saa ni yako, hakuna wa kukunyang'anya."

"Basi naondoka."

"Ondoka, inshallah. Baada ya kamati."

"Baada ya kamati saa yangu imekwisha!"

"Kamati ni leo tu, bibie. Neno moja. Watu wazima watashindwa neno moja?"

Walishindwa. Leo ikawa kesho, kesho ikawa wiki inayokuja. Mista Innes alileta kamusi. Mista Dugald akasema kamusi imeandikwa na watu wa London. Mista Dugald akampigia simu shangazi yake huko kwao, akamuweka kwenye spika ili sote tusikie. Shangazi akatamka kitu cha tatu, si hiki wala kile, halafu akauliza kama huku ni joto. Mista Innes akasema shangazi ana upande. Ikajadiliwa kama shangazi anaweza kuwa na upande ikiwa hakuafiki yeyote. Bwana Hamed akiandika. Mezani biskuti za siagi, na simu yangu chini ya meza inatetemeka, mama ananitumia sauti. Nilifungua moja, sikuwa na haja ya kuiweka sikioni. Kilio cha Azzan kilitoka hata simu ikiwa imegeuzwa kifudifudi.

Na maziwa hayajui kamati. Saa tisa ikifika yanakuja. Nimekaa na abaya imelowa, nimefumbata mikono kifuani nisionekane, uso umenivimba kwa hasira, na Mista Dugald ananiangalia, anasema, "Mnaona? Zuweina pia haafiki Kilkonka."

Siku moja asubuhi eesii ya mama yangu ikafa. Mama akapiga simu kwenye namba ya kampuni kama mteja yeyote, akaipokea Neema. Neema, wewe shahidi. Gari la Hail ni lipi? Ndilo lile, limeegeshwa, linasubiri kamati. Gari jingine haliruhusiwi kuingia mtaa wake. Mama akaambiwa asubiri. Mama yangu anaitwa Bi Muzna, na kusubiri si fani yake.

Saa tisa na kitu tumekaa kwenye kamati, mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Mama kaingia, kajifunga leso yake juu ya buibui, Azzan begani, uso wa mtoto umetoka harara ya joto mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum."

Bwana Hamed akaruka kwenye kiti. "Aleikum salaam, mama! Karibu, karibu, ahlan, mama karibu sana." Wale wawili wakamuona amesimama, nao wakasimama. Mama akaulizwa hali, akajibu. Akauliza hali, akajibiwa. Akamuuliza Bwana Hamed mama yake, dada zake, yule dada wa Nizwa, mtoto wa yule dada. Ikaja kahawa, zikaja tende, maana mgeni mtu mzima hawezi kuingia akaambiwa una shida gani. Mista Innes akatazama saa. Mama akamtazama Mista Innes akitazama saa, akaongeza finjani.

"Kwangu kuna joto," akasema mama alipomaliza. "Nimeita fundi wenu, hakuja. Nimesikia hapa kuna baridi, nimekuja na mtoto."

Azzan hapo akanisikia harufu. Akapiga ukelele ambao hata shangazi wa Uskoti angeusikia bila spika.

"Haya," mama akasema. "Mtoto ananyonya. Wanaume nje."

Bwana Hamed alikuwa nje kabla neno halijamalizika, macho chini, mkono nyuma anawapungia wale wawili wamfuate.

"Mkutano je?" Mista Innes akauliza.

"Mkutano umetoka nje," akasema Bwana Hamed kutoka ukumbini.

Nikafunga mlango. Nikakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, ndicho chenye mkono wa kuegemea. Dirishani tuliwaona wamesimama uwanjani, watatu, mwezi wa sita, wanagombania kivuli cha gari lile lile walilolizuia. Mama akala biskuti. "Chumvi kidogo," akasema. "Lakini chumba kizuri. Kesho nakuja saa tano."

Akaja kweli, na mkeka. Na kesho kutwa akaja na mkeka na chakula. Chumba cha mikutano kikawa cha mwanamke na mtoto, na hakuna mwanamume hata mmoja katika jengo lile aliyeweza kugusa kitasa. Mista Dugald alimtuma Bwana Hamed aombe. Bwana Hamed alisimama nje ya mlango uliofungwa, akauomba mlango.

"Mama, samahani, watu wana mkutano."

"Mwanangu, mie sina ugomvi. Akija fundi kwangu, naondoka."

Saa yangu nikaipata tena, na baridi juu yake. Niliona nimeshinda. Kwa siku zile chache nilifanya kazi nikiimba.

Wale wawili walichoka na jua. Wakaja kwangu mezani pamoja, masikio manne mekundu, wanatabasamu. Wamepata suluhu, wakasema. Kinyukha haitakuwa, Kilkonka haitakuwa. Gari la Hail litapewa jina la mtu aliyewaunganisha. Wakanitoa nje kunionyesha. Mlangoni, kwa buluu, rangi bado mbichi: Azzan.

Neema, ulipiga vigelegele. Mie nilicheka, sikatai. Nikamwambia mama, khalas, yamekwisha, nenda nyumbani, fundi anakuja nyuma yako. Mama akakunja mkeka, akachukua mtoto, akaondoka. Nikakaa kwenye redio.

"Azzan, Azzan. Nenda Hail."

"Subiri," akasema Mista Innes. "Mbona umekaza pale katikati?"

"Ni z mbili."

"Sikusikia mbili," akasema Mista Dugald. "Nimesikia amevuta mwisho."

"Hakuvuta. Amekaza."

"Amevuta, Innes. Mimi nina sikio la mambo haya."

Mista Innes akanishika mkono uliokuwa na redio, kwa adabu, kama mtu anayezuia motokaa. Gari lisitoke kwanza. Kamati ikutane. Chumba sasa kitupu, si ndiyo? Saa tisa. Na safari hii, akasema Mista Dugald kwa furaha ya kweli, tuna bahati, tunaye mama mzazi wa jina lenyewe, atatoa ushahidi.

Mama yangu alikuwa njiani anamrudisha mwanangu kwenye nyumba isiyo na hewa, anamsubiri fundi, kwa sababu mie nimemwambia anakuja. Na mie niende nikatetee jina la mwanangu mbele ya biskuti.

Niliweka redio mezani. Sikuirusha, msiongeze chumvi. Nikachukua mkoba, nikatoka uwanjani. Shafi alikuwa ndani ya gari, mkono kwenye ufunguo, anasubiri kuambiwa awashe au azime.

"Shafi, una kisu cha kukwangulia?"

"Kipo, madam. Kuna mushkila?"

"Mafi mushkila, hakuna taabu. Nipe."

Rangi mbichi haina kazi, ilitoka yote, ikabaki mlango mweupe wenye alama ya buluu kama maji ya nili. Mista Dugald alitoka mbio. Nyuma yake Mista Innes, nyuma yao Bwana Hamed na kalamu.

"Sasa linaitwaje?" akauliza Mista Dugald. Sauti ilikuwa imemvunjika, na kusema kweli nilimuonea huruma kidogo. Kidogo.

"Haliitwi."

"Lakini haliwezi kutoka mpaka jina lake litamkwe sawa!"

"Litamke," nikamwambia.

Akautazama mlango. Mista Innes naye akautazama. Nikaona midomo ya wote wawili inafunguka, na hakuna wa kuanza. Shafi akanitazama mie, akawatazama wao, akawasha gari. Hakuna aliyesema zima. Nikaingia gari langu, nikamfuata mpaka Hail kwa mama. Ilikuwa kapasita tu, kile kidude cha kuwashia mota. Alimaliza kabla kahawa haijachemka.

Bwana Hamed amenipigia simu mara kadhaa tangu siku ile. Anasema nafasi yangu ipo, kamati haina nongwa, na saa yangu itahifadhiwa, tujadiliane tu iwekwe wapi. Nimemwambia ahsante, salamu kwa mama.

Wasichana, kazi ile si mbaya. Redio mtaizoea, wateja mtawazoea, na fundi atafika hata mkimwita kwa mluzi. Lakini siku mtakapozaa na mkapewa saa ile, ikifika inukeni, chukueni mikoba, nendeni. Msimueleze mtu kwa nini. Mie nilieleza, nikaambiwa baada ya kamati.